Nyumba kuukuu katika kiwanja kikubwa: Mambo ya kuchunguza kabla ya kununua

NYUMBA za zamani zilizojengwa katika viwanja vya nusu ekari au zaidi zingali zinauzwa katika mitaa ya siku nyingi kama vile Lavington, Loresho na Karen jijini Nairobi, pamoja na Nyali mjini Mombasa. Nyingi hazina ghorofa, kuta zake ni za mawe ya kuchonga, na nyuma yake huwa na vyumba vya watumishi. Mnunuzi huvutiwa na utulivu, miti mikubwa na nafasi ya watoto kucheza. Hata hivyo, sehemu kubwa ya bei anayotozwa ni ya ardhi wala si ya nyumba. Kwa hiyo uchunguzi wake hauna budi kuanzia kwenye ardhi.

Chimbuko la hatimiliki

Mnamo 2004, tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u iliripoti jinsi ardhi ya umma, zikiwemo ploti zenye nyumba za serikali, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Waliogawiwa waliuza, na walionunua wakauzia wengine. Kwa muda mrefu mnunuzi wa mwisho alijitetea kwamba hakuhusika na makosa ya awali na kwamba alikuwa na hati halali mkononi.

Utetezi huo ulidhoofishwa na Mahakama ya Juu Aprili 21, 2023. Kesi ilihusu kiwanja cha Nyali ambacho aliyegawiwa kwanza, mwaka 1989, alikuwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Kiwanja kiliuzwa mara mbili hadi kikaifikia kampuni ya Dina Management, na mwaka 2017 serikali ya kaunti ya Mombasa ikabomoa ukuta wake ili kufungua njia ya kwenda ufuoni. Mahakama iliamua kwamba hati iliyotokana na ugawaji usiofuata sheria haimlindi aliyeinunua baadaye.

Funzo ni kwamba upekuzi wa kawaida katika sajili ya ardhi, ambao huonyesha jina la mmiliki wa sasa na madeni yaliyopo, hautoshi. Wakili aagizwe kufuatilia historia ya kiwanja hadi kwa mgawiwa wa kwanza, naye mpimaji ardhi aliyesajiliwa athibitishe kwamba mipaka iliyo chini yalingana na iliyo katika ramani. Jijini Nairobi, viwanja vingi vilivyokuwa na nambari za zamani za L.R. vimehamishiwa katika nambari mpya za bloku, na shughuli zake hufanywa kupitia mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Mnunuzi ahakikishe kwamba nambari hizo mbili zinahusu kiwanja kimoja.

Muda uliosalia

Viwanja vingi vya mijini si milki ya kudumu bali vimekodishwa na serikali, mara nyingi kwa miaka 99. Ukodishaji ulioanza mwaka 1950, kwa mfano, utakwisha 2049. Sheria ya Ardhi ya 2012 humpa Mkenya aliyekuwa akishikilia kiwanja nafasi ya kwanza ya kupewa upya muda ukiisha, mradi serikali kuu au ya kaunti haikihitaji kwa manufaa ya umma. Hiyo ni nafasi tu, si hakikisho. Benki nazo huutazama muda huo kabla ya kutoa mkopo.

Nani mwenye haki ya kuuza?

Nyumba kuukuu mara nyingi huwa za wazazi waliokwisha kufariki. Kwa mujibu wa Sheria ya Urithi, msimamizi wa mirathi hawezi kuuza ardhi au nyumba kabla ya mahakama kuthibitisha idhini aliyopewa. Ikiwa muuzaji ana mume au mke na nyumba ni ya ndoa, idhini ya mwenzake pia yahitajika. Ni vyema vilevile kuuliza wanaoishi katika vyumba vya nyuma wako pale kwa ruhusa ya nani. Aliyekalia ardhi ya mtu binafsi bila ruhusa kwa miaka 12 mfululizo aweza kuidai mahakamani.

Hali ya jengo

Mhandisi akague paa, msingi na mbao, hasa palipo na mchwa. Nyaya za umeme za miaka hamsini iliyopita hazikukusudiwa kubeba mzigo wa vyombo vya leo, na mabomba ya chuma ya enzi hizo huwa yameliwa na kutu. Paa la asbestosi ni jambo la kuzingatiwa zaidi. Vumbi lake huweza kusababisha saratani, na ni hatari kulivunja ovyo. Kuling'oa na kulitupa ni kazi ya wenye leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA, na gharama yake yafaa kupunguzwa katika bei. Kadhalika ijulikane iwapo maji taka huenda katika bomba la jiji au katika tangi lililo uani.

Gharama nyingine

Tuseme nyumba imeuzwa kwa Sh60 milioni. Kwa kawaida mnunuzi hutoa amana ya asilimia 10, yaani Sh6 milioni, na kumaliza malipo katika siku 90. Ushuru wa stempu mijini ni asilimia 4, yaani Sh2.4 milioni, mbali na ada ya wakili. Muuzaji hulipa kodi ya asilimia 15 ya faida aliyopata, kiwango kilichoanza Januari 2023. Ni juu yake pia kuonyesha vyeti kwamba hadaiwi kodi ya ardhi na serikali kuu wala na kaunti, kwani malimbikizo ya miaka mingi ni ya kawaida katika viwanja hivi.

Hatimaye, mnunuzi atazame majirani. Kileleshwa na Kilimani zilikuwa mitaa ya nyumba za bustani, na leo ni misitu ya maghorofa. Anayetaka kuishi kwa utulivu aulize idara ya mipango ya kaunti ni majengo ya kimo gani yanayoruhusiwa kando ya ua wake kabla ya kutia sahihi.