Pikapu ya Gitaa, au Kidaka

Mpiga gitaa wa bendi akikwambia pikapu yake imekufa, muulize ipi. Iko pikapu ya magurudumu inayopakia spika, ngoma na watu kutoka Masasi, kusini mwa Tanzania, kupanda Newala. Iko na pikapu iliyochimbiwa katika mwili wa gitaa, chini ya nyuzi, yenye urefu wa kidole tu. Ya kwanza ikifa, bendi inachelewa kufika. Ya pili ikifa, gitaa la umeme linabaki ubao wenye nyuzi sita. Makala haya ni ya hiyo ya pili: ni kitu gani, inafanya kazi namna gani, na kwa nini naona Kiswahili kingeiita kidaka.

Gitaa kavu hukuza sauti kwa tumbo lake. Uzi hutikisa daraja, daraja hutikisa ubao wa juu, ubao hutikisa hewa iliyomo ndani. Gitaa la umeme halitegemei tumbo. Lisipochomekwa kwenye amplifaya, utalicharaza mpaka uchoke na aliye chumba cha pili asijue kama unapiga. Kazi yote imeachiwa pikapu. Ndani yake mna sumaku, mara nyingi vijiti sita, kila uzi na kijiti chake, na kuzunguka vijiti hivyo umeviringishwa waya wa shaba usiozidi unene wa unywele, mizunguko elfu saba mpaka elfu nane hivi katika pikapu za kawaida za kampuni ya Fender. Sumaku ile huuambukiza usumaku uzi wa chuma ulio juu yake. Uzi ukitetemeka, uga wa sumaku hutikisika pamoja nao, na uga ukitikisika ndani ya koili huzaa umeme. Kanuni hiyo aliionyesha Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo inayozalisha umeme katika kila jenereta inayonguruma nyuma ya ukumbi. Uzi wa tano ukikazwa sawasawa hutetemeka mara 110 kwa sekunde, na umeme unaotoka kwenye koili nao hupanda na kushuka mara 110. Ni umeme mdogo, hata volti moja kwa kawaida haufiki. Amplifaya huuchukua ukiwa hivyo mchanga, ikaukuza mpaka ukaweza kusukuma spika.

Waliolifikisha jambo hili sokoni ni George Beauchamp na Adolph Rickenbacker, huko Los Angeles, mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati magitaa yalipokuwa yakimezwa na matarumbeta ya bendi kubwa. Hataza ya Beauchamp ilitoka mwaka 1937. Historia iliyofuata ni ndefu na imeandikwa sana. Mimi nataka kubaki kwenye jambo moja ambalo watu wengi, hata wapigaji wazuri, hupishana nalo.

Pikapu haisikii sauti. Vua nyuzi za chuma, funga mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, kaza vizuri, kisha piga. Sikio lako litasikia uzi ukilia kidogo. Amplifaya haitatoa kitu. Iinamie pikapu uiimbie. Kama imetengenezwa vizuri na koili yake imejazwa nta, haitakujibu. Inachokijua ni mwendo wa chuma ndani ya uga wa sumaku, basi. Sauti huja kuzaliwa baadaye, kwenye spika.

Kwa hiyo majina yanayotujia haraka hayafai. Kinasa sauti tayari ni mashine ya kurekodia, na hata kama neno lingekuwa huru, lingesema uongo, kwa sababu hapa hakuna sauti ya kunaswa. Kitenzi chenyewe kina walakini: anayenasa hubaki na alichokinasa, kama mtego unavyobaki na ndege, au kanda inavyobaki na wimbo. Pikapu haibaki na kitu. Kinachoingia kinatoka papo hapo. Kipaza sauti nacho kina mzigo wake, maana wengine huita hivyo kile cha kushika mdomoni na wengine huita hivyo spika yenyewe. Kihisi ni neno zuri la wahandisi, lakini wanalitumia kwa moto, kwa moshi, kwa mwanga na kwa mwendo, kwa hiyo lingehitaji kila mara kuongezewa neno la pili.

Kudaka ni kitenzi kingine. Unadaka kitu kikiwa hewani, bado kina mwendo, na mara nyingi unakidaka ili ukipeleke mbele. Kipa hudaka mpira akaurusha. Mtu hudaka neno akalijibu. Hiyo ndiyo kazi ya pikapu: inaudaka mtetemo ukiwa bado katika uzi, inausukuma kwenye waya. Kidaka mtetemo, ukitaka kulisema lote, na kidaka kwa kifupi. Neno linakaa bila shida katika ngeli ya ki-vi pamoja na kipaza, kinasa na kihisi: kidaka kimekufa, vidaka vitatu, kidaka cha shingo, kidaka cha daraja. Atakayesema kwamba kidaka tayari kina maana nyingine atakuwa sahihi. Nyumba za mawe za pwani, kama zile za Lamu, zina vidaka vyake, vile vishubaka vilivyochongwa ndani ya ukuta vya kuwekea vyombo. Mimi maana hiyo hainisumbui. Fungua gitaa la umeme uone: fundi amechimba shubaka katika mbao na kukilaza kifaa humo. Maana ya zamani na hii mpya zinakutana mahali pale pale.

Kwa mpiga gitaa wa Masasi haya si mambo ya kamusi tu, na sababu yake iko katika historia ya nani alimiliki magitaa. Kwa miaka mingi mwanamuziki wa dansi wa Tanzania hakuwa na mkusanyiko wa magitaa. Vyombo vilikuwa vya bendi, na bendi ilikuwa ya chama, ya jeshi au ya shirika. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Polisi walikuwa na bendi yao, ile ambayo Kassim Mapili, mtoto wa kusini, aliipigia gitaa. Mpigaji akihama bendi, gitaa lilibaki. Ndala Kasheba na gitaa lake la nyuzi 12 ni mfano wa peke yake: watu walimtambua kwa chombo kama walivyomtambua kwa sauti. Wengine wengi walitambulika kwa vidole vyao juu ya gitaa ambalo kesho lingeshikwa na mwingine.

Mtu wa namna hiyo mkusanyiko wake ulikuwa swichi ya kuchagua kidaka. Gitaa la Fender liitwalo Stratocaster lilitoka mwaka 1954 likiwa na vidaka vitatu na swichi ya nafasi tatu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiinasisha swichi katikati ya nafasi mbili, vidaka viwili vinalia pamoja na sauti inakuwa nyembamba, yenye uwazi ndani yake. Fender wenyewe walikuja kuweka swichi ya nafasi tano mwaka 1977. Kidaka cha shingo kipo mahali uzi unapocheza kwa upana, ndiyo maana kinatoa sauti nene na ya upole. Kidaka cha daraja kipo mahali uzi unapocheza kidogo tu, na sauti yake inakata. Katika dansi letu, ambapo solo, sekondi solo, rizimu na besi zinasukana bila kukanyagana, tofauti hiyo ndiyo inayompa kila mmoja njia yake. Mpiga rizimu akikaa kwenye kidaka cha daraja na mwenye solo naye huko huko, ukumbi mzima utasikia kelele na hautasikia wimbo.

Siku hizi magitaa yanamilikiwa na wapigaji wenyewe, na mkusanyiko umeanza kuwapo. Mpigaji mmoja wa Masasi ninayemjua ana matatu: nakala ya Stratocaster, moja la mtindo wa Les Paul, na besi. Hachagui la kubeba kwa kutazama rangi au jina lililoandikwa kichwani. Huuliza kwanza umeme wa huko anakokwenda. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, pesa zinaposhuka vijijini na watu wa Newala wanataka dansi, maonyesho mengine hupigwa kwa jenereta, mengine chini ya taa za tyubu, na hapo kidaka cha koili moja hukuumbua. Umeme wetu hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na kila transfoma na kila taa ya tyubu humwaga uga wake hewani. Koili haijui kuchagua. Inadaka na huo pia, na spika inatoa mvumo mzito hata kabla hujagusa uzi.

Dawa yake aliitengeneza Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, mwaka 1955. Aliweka koili mbili ubavu kwa ubavu. Moja imeuelekezea uzi ncha ya kaskazini ya sumaku, ya pili ncha ya kusini, na nyaya zake zimeunganishwa kinyume. Mvumo unaotoka hewani haujali sumaku. Unaingia koili zote mbili kwa namna moja, na kwa kuwa koili zimeunganishwa kinyume, unajifuta wenyewe. Mtetemo wa uzi hugeuzwa mara mbili, mara moja na sumaku na mara nyingine na waya, kwa hiyo unarudi kuwa sawa na koili mbili zinajumlisha nguvu. Hiki ningekiita kidaka pacha. Jina la Kiingereza linasifia kufukuza mvumo, lakini pacha linakupa umbo la kitu, na ukishajua umbo unaweza kujieleza mwenyewe kwa nini mvumo unakufa. Yule mpigaji wa Masasi akisikia jenereta, anabeba lile la mtindo wa Les Paul, ambalo lina vidaka pacha viwili.

Nimewahi kukaa kwa fundi redio mmoja, jirani na Hospitali ya Mkomaindo, akifufua kidaka kilichokufa. Alishikiza mita kwenye ncha mbili za koili. Kidaka kizima cha koili moja husoma omu elfu sita hivi; hiki sindano haikuondoka. Waya ulikuwa umekatika ndani. Jasho la mkono lina chumvi, likipenya hula shaba taratibu. Fundi aliukata waya wote kwa wembe, akasugua vijiti vya sumaku, akakifunga kiunzi kwenye gurudumu la cherehani ya mkono. Waya mpya aliufumua kutoka transfoma ndogo ya redio. Alizungusha kwa mkono wa kulia, na kwa vidole viwili vya kushoto akauongoza waya, bila kuubana, maana ukibana kidogo tu unakatika na unaanza upya. Kila mizunguko mia aliweka punje moja ya mahindi mezani. Punje zilipofika themanini alisimama, akakichovya kidaka katika nta ya mshumaa iliyoyeyuka ili nyaya zisicheze, akakirudisha kwenye shubaka lake. Kijana aliyekuwa akimsaidia alikuwa kidato cha tatu, na Faraday alikuwa amekwisha kumkariri kwa Kiingereza. Alipogonga sumaku kwa bisibisi na spika ikaitika, aliuliza umeme umetoka wapi ilhali hakuna betri. Swali hilo kwa Kiswahili lilijibika pale pale mezani.

Neno likikubalika, kazi yake haitaishia kwenye gitaa. Kile kijiwe kinachobandikwa kwenye gitaa kavu, kinachotoa umeme kinapokandamizwa na mtikisiko wa mbao, nacho ni kidaka, ingawa hakina sumaku. Mingiedi Mawangu wa Konono N°1, kule Kinshasa, aliokoa sumaku kutoka vipuri vya magari makuukuu, akajiviringishia koili na kuziweka kwenye likembe zake, na mwaka 2004 albamu ya Congotronics ikaifikisha sauti yake duniani. Likembe ina ndimi za chuma, na chuma ndicho kidaka kinachokitaka. Malimba ya Wamakonde nayo ina ndimi za chuma. Waya wa transfoma upo Masasi, cherehani zipo, na sumaku zinapatikana katika kila spika iliyokufa.