Usafishaji na ufuatiliaji wa eneo la nyayo za Laetoli

Usafishaji na ufuatiliaji wa eneo la nyayo za Laetoli ni kazi ya kuondoa miti, mizizi na mbegu katika eneo la utafiti wa mambo ya kale la Laetoli, wilaya ya Ngorongoro, mkoa wa Arusha, kaskazini mwa Tanzania, pamoja na kulikagua eneo hilo kila mara ili uharibifu usirudi. Sehemu kubwa ya kazi ilifanyika katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani. Uchafu uliosababisha kazi hiyo ni mbegu za migunga, zilizofika ndani ya mchanga ambao watafiti wenyewe waliutumia kufukia nyayo.

== Mahali ==

Laetoli iko ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, kusini mwa bonde la Oldupai (Olduvai). Anayetoka Arusha hupita mji wa Karatu, lango la Lodoare na ukingo wa kreta, kisha hushika njia ya Endulen. Baada ya Karatu hakuna tena mji mkubwa. Jambo hilo lilikuwa na uzito katika maamuzi yote yaliyofuata, kwa sababu jengo lolote linalotaka umeme na fundi wa kudumu ni mzigo mahali kama hapo.

== Nyayo na ufukiaji wa 1979 ==

Takriban miaka milioni 3.66 iliyopita majivu ya volkeno yalianguka Laetoli, yakaloweshwa na mvua, wanyama wakayakanyaga, halafu yakakauka na kuwa magumu mithili ya saruji. Mwamba uliotokana na majivu hayo huitwa tufu. Timu ya Mary Leakey ilitambua nyayo za wanyama mwaka 1976. Mwaka 1978 zikaonekana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, ambao wataalamu wengi huwahesabu kuwa *Australopithecus afarensis*. Njia yao, inayojulikana kama Eneo G, ina urefu wa mita 27 hivi na nyayo zipatazo 70.

Watafiti walichukua vipimo, picha na nakala za nyayo. Baadhi ya nyayo zilipakwa gundi ya akriliki ili zisimomonyoke, na gundi hiyo baadaye ikazifanya ziwe nyeusi. Mwaka 1979 njia yote ilifukiwa kwa mchanga wa mtoni na juu yake yakapangwa mawe ya volkeno. Kufukia kulikuwa sahihi, kwani tufu likiachwa wazi huliwa na jua, mvua na kwato za mifugo. Lakini mchanga haukuchekechwa. Mbegu za migunga zilizokuwamo zilikuta udongo laini, unyevu, na mawe ya kuficha miche isiliwe na wanyama. Mahali palipokusudiwa kuwa kaburi salama pakawa kitalu cha miti.

== Kuua miti bila kugusa nyayo ==

Mwaka 1992 sehemu ndogo ilichimbwa kwa majaribio, ikaonekana kwamba mizizi imefika kwenye tufu. Kung'oa miti hakukuwezekana, maana mzizi ukivutwa hunyanyuka na mwamba ulioshika. Kwa hiyo miti ilikatwa usawa wa ardhi na visiki vikapakwa dawa ya kuua mimea ya aina ya glifosati, ambayo husafiri na utomvu hadi mizizini. Miti na vichaka 150 viliuawa kwa njia hiyo, 69 kati yake vikiwa juu ya tuta lenyewe.

Mwaka 1995 ulifukuliwa upande wa kusini wa njia, na 1996 upande wa kaskazini. Palipokuwa na tufu gumu, mizizi mingi ilitambaa tu juu ya uso wake. Palipokuwa pamelainika, ilipenya. Mizizi iliyokufa ilikatwa kwa misumeno midogo na kutolewa kipande kwa kipande, na matundu yakazibwa. Nakala za 1979 zilisaidia sana hapa, kwani ziliwezesha kujua ni kovu lipi la zamani na lipi limeletwa na mizizi. Gundi nyeusi iliondolewa katika nyayo chache tu, kwa kuwa kuisugua kungeweza kuleta madhara zaidi ya kuiacha.

Safari hii mchanga ulichekechwa. Ulitandazwa kwa tabaka, na kati ya tabaka vikawekwa vitambaa vya plastiki vinavyopitisha maji na hewa. Baadhi ya vitambaa vina vidonge vya trifluralini, dawa inayozuia ncha za mizizi kukua. Dawa hiyo haiyeyuki kwa urahisi katika maji, hivyo hubaki karibu na vidonge na kutoka polepole. Juu kabisa kuna udongo, wavu wa kuzuia mmomonyoko na mawe.

Kabla ya kufungwa kwa njia, mwaka 1996, Wamasai wa maeneo ya jirani walifanya ibada chini ya laiboni, pamoja na kuchinja kondoo. Isidhaniwe kuwa hilo lilikuwa pambo. Hakuna ukuta unaozunguka Laetoli, na anayepita hapo na ng'ombe kila siku ndiye mlinzi wa kwanza.

== Ufuatiliaji ==

Vidonge vya trifluralini haviwezi kudumu milele, na upepo na ndege huleta mbegu mpya. Kwa sababu hiyo mpango wa matunzo unataka miche ing'olewe ikiwa bado midogo, mawe yaliyosogea yarudishwe, na mifereji ya maji ya mvua isiachwe ielekee kwenye tuta. Ni kazi ya jembe na macho, lakini ikiachwa kwa miaka michache tu hali ya 1992 itajirudia.

Mjadala kuhusu kufukia haujaisha. Wapo waliopendekeza nyayo zikatwe na kupelekwa makumbusho, na wengine zijengewe paa ili wananchi wazione. Mwaka 2011 sehemu ya njia ilifunguliwa kwa ajili ya kuchunguza hali yake, wakati serikali ikifikiria kujenga makumbusho papo hapo. Kwa sasa mgeni huona nakala katika makumbusho ya Oldupai.

Matayarisho ya makumbusho hayo ndiyo yaliyoleta ugunduzi mwingine. Mwaka 2015, watafiti Watanzania na Waitalia wakichimba mashimo ya kupima athari za ujenzi, walikuta nyayo za watu wengine wawili wa kale umbali wa mita 150 hivi kusini mwa Eneo G. Mahali hapo, panapoitwa Eneo S, hapakuwamo katika usafishaji wa miaka ya 1990.