Michezo ya watoto ya kuigiza (Kanda ya Kati, Tanzania)

Michezo ya kuigiza ni ile ambayo mtoto hujifanya mtu mwingine, au hukipa kitu kimoja kazi ya kingine: kokoto huwa ng'ombe, gunzi la mahindi huwa mtoto mchanga, kifuniko cha soda huwa shilingi. Isichanganywe na igizo la redioni au jukwaani, kwani hii haihitaji mtazamaji. Mitaani huitwa kujipikilisha, au baba na mama. Huanza mtoto akiwa na miaka 2 hivi, ikashamiri kati ya miaka 3 na 6.

Mkoani Dodoma michezo hii huenda na majira. Mvua ni za msimu mmoja, tangu Desemba hivi hadi Aprili. Makorongo yakilowa, watoto wa Wagogo, jamii ya wakulima na wafugaji, hufinyanga ng'ombe wa udongo na kuwajengea zizi la vijiti vya miiba. Mwenye zizi huwajua wake kwa pembe na mabaka. Huwahesabu wakitoka, huwahesabu wakirudi, na akikosekana mmoja, malisho yote hupekuliwa. Hiyo ni hesabu ya kutoa, tena imeingia bila ubao. Pembeni, ugali wa vumbi unasongwa ndani ya kopo, mlenda ni jani lolote lililo karibu, na mtoto wa gunzi amebebwa mgongoni kwa kipande cha khanga. Kiangazi ni zamu ya magari ya waya yenye magurudumu ya ndala kuukuu. Kaskazini zaidi, kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wavulana hupewa pinde ndogo mapema, na si rahisi kusema mchezo unaishia wapi na uwindaji unaanzia wapi.

Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, katika mhadhara wa mwaka 1933, alitumia mfano wa fimbo inayogeuzwa farasi kueleza jinsi mtoto anavyotenganisha maana na kitu chenyewe. Mtoto aliyezoea kuona ng'ombe ndani ya kokoto hashangai akiambiwa kwamba mchoro fulani ni sauti "a". Tena mchezo una sheria kali: aliye mgonjwa hulala kimya hata akitamani kukimbia. Aliyekulia katika lugha ya Kigogo, akipewa zamu ya kuwa mwalimu au muuza duka, hupata nafasi ya kuamuru, kuomba na kupatana bei kwa Kiswahili bila hofu ya kukosolewa.

Mtaala wa elimu ya awali wa mwaka 2016 ulihimiza kujifunza kwa michezo na kona za kujifunzia. Desemba 2021, Serikali ilizindua jijini Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Kikwazo kikubwa ni msongamano: kiwango ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na madarasa mengi ya umma hukipita mbali. Vifaa si kisingizio, maana udongo, magunzi na makopo havinunuliwi.

Mtu mzima hufaa zaidi akiingia kama mgeni au mteja, si kama msimamizi. Akishika usukani, mchezo hufa palepale. Mzazi, mwanao akikuletea chai ya mchanga, ipokee kwa mikono miwili, kisha muulize kama ametia sukari.