Kashiwa Reysol: kampuni iliyorudi kupitia dirishani

Jina Reysol si la Kijapani. Ni maneno mawili ya Kihispania yaliyobanwa pamoja, rey na sol, yaani mfalme na jua. Walioliteua mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa na sababu ya kwenda kuazima lugha ya mbali namna hiyo. Timu yao ilikuwa imelelewa tangu mwaka 1940 na kampuni ya Hitachi, na ndani ya jina Hitachi, likiandikwa kwa herufi za Kijapani, mna jua linalochomoza. Ligi mpya ya kulipwa iliyokuwa ikiundwa haikutaka majina ya kampuni kwenye majina ya klabu. Basi Hitachi ikatolewa mlangoni mchana kweupe, ikarudi kupitia dirishani imevaa nguo za Kihispania. Hapa Kianjokoma, Embu, kama kwingineko Kenya, klabu hii ilijulikana kwa sababu ya Michael Olunga na mabao yake. Hiyo ni sababu nzuri, ila kuna jambo jingine katika historia yake linalotuhusu zaidi sisi wakulima wa majani chai na kahawa kuliko mabao hayo. Nasema hivi: kilichoigeuza timu ya wafanyakazi kuwa klabu ya kudumu hakikuwa pesa za kampuni, kwani pesa za kampuni tulikuwa nazo hata sisi. Kilichoigeuza ni sharti lililoilazimu kampuni kuendelea kulipa huku jina na makao yakipewa watu wengine.

Ligi ya Soka ya Japani ilipoanza mwaka 1965 ilikuwa na timu nane, na orodha yake ilisomeka kama ukurasa wa matangazo ya biashara: Hitachi, Mitsubishi, Furukawa ya nyaya za umeme, Yanmar ya injini za dizeli, Toyo iliyotengeneza magari ya Mazda, chuma cha Yawata, mashine za kufumia za Toyota, na benki moja ya Nagoya. Wachezaji walikuwa waajiriwa wa kawaida. Walikaa kwenye madawati ya ofisi au kusimama kiwandani, kazi ikiisha wakaenda mazoezini, na goti likiharibika waliendelea na kazi yao kama kawaida. Mpango huo si wa kudharauliwa. Ndio uliozaa kikosi kilichotwaa medali ya shaba kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, Kunishige Kamamoto wa Yanmar akiwa mfungaji bora wa mashindano. Hitachi nayo ilivuna: ubingwa wa ligi na Kombe la Mfalme wa Japani mwaka 1972, kisha kombe hilo tena mwaka 1975. Lakini miaka ilivyosonga majukwaa yalizidi kuwa matupu. Nani aishangilie timu ya Hitachi? Walioajiriwa na Hitachi, na jamaa zao pengine. Muuza samaki wa mtaani hakuwa na lake pale. Timu yenyewe iliishi Kodaira, kwenye viunga vya Tokyo, na mwaka 1986 ikahamishiwa Kashiwa, mji wa mkoa wa Chiba kaskazini-mashariki mwa jiji hilo. Watu wa Kashiwa walipokea timu iliyokwishaishi miaka 46 kwingine, mali ya kampuni ambayo wengi wao hawakuifanyia kazi. Anayedai kwamba klabu ni lazima izaliwe na mji ndipo ipendwe na mji huo aanzie hapo.

Ligi mpya, iliyoundwa mwaka 1991 na kuanza kuchezwa Mei 1993 kwa klabu 10, ilisimamiwa na Saburo Kawabuchi, mchezaji wa zamani wa Furukawa aliyeujua utamaduni wa timu za kampuni kutoka ndani. Masharti yake yalikuwa machache lakini mazito. Klabu iwe kampuni inayojitegemea kisheria, si idara ya kiwanda inayofutwa kwa barua moja ya mkurugenzi. Iwe na mji uliokubali kuwa makao yake, na jina la mji huo liwe kwenye jina la klabu. Iwe na timu za vijana. Gazeti la Yomiuri, lililomiliki timu iliyokuja kuitwa Verdy Kawasaki, lilipinga waziwazi. Wakuu wake hawakuona kwa nini mtu atoe mamilioni halafu jina litajwe la mji. Kibiashara hoja yao ilikuwa na mashiko, na Kawabuchi hakusalimu amri. Hitachi haikuwa miongoni mwa klabu hizo 10. Ilibadili jina mwaka 1992, ikabaki daraja la chini, ikamnunua Careca, Mbrazili aliyekuwa akicheza na Maradona kule Napoli, na ikaingia ligi kuu mwaka 1995.

Sasa tutazame kwetu, maana hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 1994, Reysol ikiwa bado daraja la pili, Kenya Breweries, timu ya kiwanda cha bia, ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika na kushindwa na DC Motema Pembe ya Zaire. Kwa mwaka huo ungesema timu za kampuni za Kenya zimetangulia. Tulikuwa nazo kila upande wa nchi: za sukari, za karatasi, za reli, za bandari, za umeme, za benki. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2001 na tena 2002, kisha baada ya muda si mrefu ikatoweka kwenye ligi. SoNy Sugar ilikuwa bingwa mwaka 2006; mwaka 2019 iliondolewa ligini baada ya kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Chemelil Sugar ilishuka msimu huohuo. Ugonjwa ni mmoja: miwa ilipokosa malipo, mpira ulikuwa wa kwanza kukatwa, na haki yake, kwa sababu mkulima anayedai pesa za mazao yake hawezi kuambiwa asubiri mshambulizi alipwe kwanza. Kosa halikuwa kukata. Kosa ni kwamba siku ile ya kukata hapakuwa na mwingine mwenye haki ya kusimama na kusema timu hii ni yangu pia. Breweries, ambayo leo ni Tusker, imedumu na kushinda mataji mengi, na nafurahi kwamba imedumu. Imedumu kwa sababu bia imeendelea kununuliwa.

Kuna atakayesema Japani ni tajiri na kulinganisha ni kujitesa bure. Hoja hii ingesimama kama utajiri ungeokoa kila mtu. Ligi ile ilianza wakati uchumi wa Japani ukipasuka kama puto, na kampuni za ujenzi, zilizokuwa wafadhili wakubwa wa mpira, ndizo zilizoumia sana. Yokohama Flügels ilitegemea shirika la ndege la ANA na kampuni ya ujenzi ya Sato Kogyo. Mwaka 1998 Sato Kogyo ilijitoa, na wakubwa wakatangaza kwamba klabu itaunganishwa na majirani zao Marinos. Wachezaji waliposikia habari hiyo hawakupoteza mechi tena. Januari mosi 1999 walitwaa Kombe la Mfalme, na hiyo ikawa mechi yao ya mwisho duniani. Utajiri wa Japani ulikuwepo siku hiyo yote na haukuwasaidia. Mashabiki ndio waliokataa. Walichanga wenyewe wakaanzisha klabu mpya, Yokohama FC, iliyopanda hadi ligi kuu kwa msimu wa 2007. Bellmare ya Hiratsuka iliachwa na kampuni ya ujenzi ya Fujita wakati huohuo, ikabeba jina pana zaidi la Shonan, ikajipanga upya kama klabu ya wananchi, na ipo. Tofauti na Oserian si ukubwa wa pochi. Huko, pesa zilipoondoka kulibaki watu waliokuwa wameambiwa kwa miaka kadhaa kwamba klabu ni yao, nao wakaamua kuyaamini maneno hayo.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo, na silikwepi: Hitachi haijaondoka Kashiwa. Mpaka leo ndiyo nguzo ya Reysol, na nembo yake imekaa kifuani mwa wachezaji. Je, basi, si timu ya kampuni iliyopakwa rangi? Kwa kiasi, ndiyo. Mtu akisema kwamba kanuni za Kawabuchi ziliwafukuza matajiri, hajaisoma historia. Ziliwaacha ndani na kuwabadilishia kiti. Tazama uwanja. Hitachi iliujenga mwaka 1985 katikati ya makazi ya watu, nao unaingiza takriban watu 15,000 tu, mdogo kwa klabu ya ligi kuu. Jukwaa liko karibu na mstari kiasi kwamba anayerusha mpira anasikia anachoambiwa na waliovaa njano nyuma yake, kizuri na kibaya. Uliitwa uwanja wa Hitachi hadi mwaka 2018, ambapo kampuni nyingine, Sankyo Frontier, ilinunua haki ya kuupa jina. Kampuni mama imekubali jina la jirani liandikwe kwenye nyumba iliyojengwa kwa pesa zake. Idara ya kiwanda haiwezi kufanya biashara ya namna hiyo, klabu inaweza.

Na ushahidi mkubwa zaidi ni jinsi ilivyovumilia aibu. Desemba 2005, katika mchujo wa kubaki ligi kuu, Reysol ilifungwa 6-2 nyumbani na Ventforet Kofu, timu ya daraja la chini, na mabao yote sita yalifungwa na mtu mmoja, Mbrazili Baré. Ikashuka. Ikapanda, ikashuka tena mwaka 2009. Timu ya kampuni ya mtindo wa zamani ingeulizwa swali moja tu kwenye kikao cha bajeti, ingefungwa, na jezi zingegawiwa. Lakini Reysol ilishinda daraja la pili mwaka 2010 chini ya Nelsinho Baptista na ligi kuu mwaka 2011, klabu ya kwanza katika ligi hiyo kutwaa ubingwa mara tu baada ya kupanda. Desemba ya mwaka huo ilicheza na Santos ya Neymar kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Ilifungwa 3-1, na bao lake la pekee lilipachikwa na Hiroki Sakai, aliyekuzwa katika timu za vijana za klabu hiyohiyo, zile zilizowekwa kuwa sharti. Ilishuka mara ya tatu mwaka 2018. Hapo ndipo Olunga anapoingia kwenye simulizi, kijana aliyepitia Tusker, timu ya kampuni kwetu, kabla ya Gor Mahia. Tarehe 24 Novemba 2019, kwenye uwanja uleule Baré alikowafedhehesha watu wa Kashiwa kwa mabao sita, Olunga aliifunga Kyoto Sanga mabao manane. Matokeo yalikuwa 13-1. Mwaka uliofuata alifunga 28 ligi kuu na kutajwa mchezaji bora wa msimu ingawa klabu yake ilimaliza ya saba, kisha akaenda Qatar. Klabu haikufa alipoondoka, jambo ambalo Kenya si la kuchukulia kimzaha.

Wapo pia wanaoamini kwamba mapenzi ya klabu hayaundwi kwa kanuni, na wananielekeza kwa Gor Mahia na AFC Leopards, zilizopendwa pasipo mtu kuandika sharti lolote. Ni kweli zinapendwa. Ila Kenya nayo iliwahi kujaribu kanuni ya majina. Karibu na mwaka 1980 serikali ilizitaka timu ziache majina ya kikabila. Abaluhya ikawa AFC, Luo Union ikawa Re-Union. Kibao kilibadilishwa, ndani ya nyumba hakikusogezwa hata kiti. Hapakuwa na takwa la mji wala la kampuni yenye hesabu zake, wala la timu za watoto. Mapenzi yalibaki yaleyale na mifuko ikabaki mitupu vilevile, hata kampuni ya kamari ya SportPesa ilipojiondoa mwaka 2019 klabu hizo mbili kubwa zilibaki zikihaha kutafuta mishahara. Japani iliona kwamba jina ni sehemu ndogo kabisa ya kazi.

Embu inaingiaje hapa? Mpira wetu umezoea vikombe vya waheshimiwa, vinavyochipuka kabla ya uchaguzi kama uyoga baada ya mvua na kukauka kwa kasi ileile. Lakini tuna kitu ambacho Hitachi haikuwa nacho. Viwanda vya Mungania, Rukuriri na Kathangariri si mali ya tajiri wa mbali. Mama anayesimama foleni kwenye kituo cha kununulia majani, akingoja karani asome mizani, ana hisa katika kiwanda kinachosaga majani hayo, na bonasi ikipungua Oktoba anajua pa kupiga kelele. Wajapani walihitaji sharti la kuwalazimisha wenye kiwanda wakabidhi timu kwa mji; hapa mwenye kiwanda na mwenye mji ni mtu mmoja. Sisemi pesa za majani ziende kwenye mpira, maana nimeshaeleza kilichotokea kwenye sukari, na bonasi yenyewe haitoshi karo. Nasema kwamba hoja ya kwamba huku hakuna msingi wa klabu haina ukweli. Hata uwanja upo: ule wa Moi mjini Embu ulikarabatiwa kwa ajili ya Madaraka Dei ya mwaka 2023, gwaride likapita, wageni wakarudi kwao. Kashiwa, uwanja ulitangulia timu kwa mwaka mmoja, na timu ikatangulia jina la mji kwa miaka sita.