Peter Falk, Askari Kanzu wa Sinema

Leo tutasoma habari za Peter Falk, mwigizaji wa Marekani.

Falk alizaliwa New York mwaka 1927. Alipokuwa na miaka mitatu, madaktari walimtoa jicho la kulia kwa sababu ya uvimbe. Akatiwa jicho la kioo. Ujanani alitaka kuwa askari, akakataliwa. Akawa mpishi melini. Baadaye alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya Connecticut, akaiacha ili aigize. Kampuni moja kubwa ya sinema ikamkataa kwa ajili ya jicho lile lile. Hakurudi ofisini.

Mwaka 1968 alianza kuigiza Luteni Columbo, askari kanzu wa Los Angeles. Basi sikilizeni hadithi zile zilivyopangwa. Watazamaji humwona mwuaji tangu mwanzo. Hawaulizi nani ameua, huuliza atanaswaje. Columbo huja na koti la mvua lililokunjamana. Koti lile lilikuwa la Falk mwenyewe! Huuliza mambo yanayoonekana ya kipuuzi, na mwuaji, ambaye mara nyingi ni tajiri, humdharau. Columbo huaga, hufika mlangoni, kisha hugeuka: ana swali moja tu lililobaki. Hapo tajiri huanza kutoka jasho.

Mtu wa jicho moja aliigiza askari asiyepitwa na kitu mpaka mwaka 2003. Alifariki mwaka 2011.

Sasa andikeni madaftarini maneno haya mawili: askari kanzu.