Kiti Mwendo na Kitenzi Chake

Siku hizi magazeti na redio za Tanzania husema kiti mwendo. Wengi bado wanasema kiti cha magurudumu, na wanaeleweka. Kiti mwendo kimeundwa kwa njia iliyotupa garimoshi: nomino mbili zimewekwa bega kwa bega, bila -a ya kuziunganisha. Nalipenda jina hili. Lile la zamani lataja kinachoonekana na mtu aliyesimama kando. Hili lataja anachokitafuta aliyekaa.

Lakini nomino haimfikishi mtu sokoni. Tazama kitenzi kinachofuatana nayo: kugawa. Viti hugawiwa, hukabidhiwa, picha hupigwa, na aliyepewa huitwa mnufaika. Watu wa Ngara, wilaya ya Tanzania inayopakana na Rwanda, wanaujua mgao. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikawa mji mzima wa kupanga foleni. Kwenye foleni ya mahindi, haki ni kipimo kimoja kwa wote. Kwenye viti mwendo, kipimo kimoja kwa wote huumiza watu.

Kitenzi ninachokitaka ni kupima, kama anavyopima mshonaji kabla ya kugusa mkasi. Hupimwa upana wa nyonga. Hupimwa paja, kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti, kisha goti hadi kisigino ili kikanyagio kisining'inize miguu. Mtoto akikalishwa kiti cha mtu mzima hujiinamia upande mmoja, na mikono yake haiyafikii magurudumu vizuri. Hapo ana kiti, mwendo hana. Aliyepooza kuanzia kiunoni hahisi turubai lililolegea likimbana. Kidonda cha mgandamizo kinaweza kuanza ndani ya saa chache, na vidonda hivyo huua. Kwa hiyo hata neno mto, ambalo nyumbani ni la starehe, hapa ni la tiba. Kiti kilichokuja bila mto hakijakamilika, hata king'ae vipi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu viti hivi mwaka 2008, likizilenga nchi zenye uwezo mdogo. Ndani yake kiti ni sehemu ya huduma: mtu hupimwa, huchaguliwa kiti kinachomfaa, hurekebishiwa, hufundishwa kukitumia, kisha hufuatiliwa. WHO hukadiria kwamba watu milioni 80 duniani wanahitaji kiti mwendo, na wanaokipata ni asilimia 5 hadi 35 tu. Naelewa basi kwa nini wafadhili hukimbilia kugawa, uhitaji unatisha. Ila ujuzi wa kupima upo hapa hapa nchini. Chuo cha TATCOT, kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimewafundisha mafundi wa viti kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Vijijini utasikia jina jingine: baiskeli. Kwanza ni ile ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, lakini wengi hukiita hivyo hata kiti chenyewe. Ng'ambo ya Rusumo nako Wanyarwanda husema akagare, yaani kibaiskeli. Sioni la kusahihisha hapo. Katika kata kama Bukiriro ya Ngara, penye miinuko na njia za udongo, gurudumu dogo la mbele ndilo linalozama kwanza mvua ikinyesha, na anayesema baiskeli amekwisha kulifikiria tairi, pampu na pancha. Ndiyo maana kuna viti vilivyoundwa kwa ajili ya njia mbovu, vyenye gurudumu moja la mbele lililosogezwa mbali na miguu ili kiti kisipinduke kikikutana na jiwe.

Nani ataliziba tairi likipata pancha? Fundi baiskeli wa kijijini, mwenye spana, gundi na vipande vya mpira. Kama tairi lina kipimo kinachopatikana dukani, atakitengeneza kiti siku hiyo hiyo. Kama halina, kiti kitaegeshwa ukutani. Katika orodha za istilahi fundi huyu hana jina. Mimi ningemwita fundi viti mwendo, nimwandike kwenye karatasi ya mradi kabla viti havijapakiwa melini, na mbele ya jina lake niweke malipo yake.