Hela Iliyolala Sandukuni

Wiki hii nafafanua neno moja tu, nalo ni “mzunguko”. Sikulichagua mimi. Nimeletewa na shangazi yangu, tena kwa uchungu.

Mwezi Juni 2025 nilikwenda Tabora kumjulia hali. Baada ya chakula akaniita chumbani, akafungua sanduku la bati, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na shilingi 310,000, fedha aliyoiweka kidogo kidogo kwa kuuza asali. Karibu zote zilikuwa noti za zamani, zile za mwaka 2003 na za kabla yake. Alitaka nimsaidie kununua mabati.

Nikamwuliza, “Shangazi, hukusikia tangazo?” Akanijibu, “Nililisikia, baba. Tena ni wewe uliyelisoma. Ulisema noti zinazoondolewa ni zile zilizo kwenye mzunguko. Hizi zangu hazizunguki popote. Zimelala hapa miaka yote.”

Sikuwa na la kumjibu. Ni kweli nililisoma mimi, kwa sauti nzuri, bila kukosea hata silabi moja. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba noti zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, zingeondolewa kwenye mzunguko. Watu walipewa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025 kuzibadilisha. Lakini mimi nilidhani nikishalitamka neno, kazi yangu imekwisha.

Basi tulieleze sasa. Noti ikitoka Benki Kuu na kuingia mikononi mwa watu, huhesabiwa kuwa imo kwenye mzunguko, iwe mfukoni mwa kondakta, kwenye droo ya duka, chini ya godoro au kwenye sanduku la shangazi yangu. Hata ikilala miaka 20, kwa hesabu ya benki bado inazunguka. Kuondolewa kwenye mzunguko maana yake ni kwamba baada ya siku iliyotajwa noti ile si “fedha halali kwa malipo”. Na fedha halali kwa malipo, kwa lugha ya nyumbani, ni fedha ambayo anayekudai hawezi kuikataa unapomlipa, kwa sababu sheria imesema ipokelewe. Sheria ikiacha kusema hivyo, noti inabaki karatasi yenye picha.

Shangazi aliposikia hayo aliniuliza swali ambalo nimetembea nalo tangu siku hiyo. “Kwani hela inaweza kufa?”

Ndiyo, wasikilizaji, hela hufa. Na ushahidi uko katika neno hilo hilo alilolitumia.

Tuanze na neno “fedha”. Limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni madini ya fedha, yale meupe yanayong’aa. Ndiyo maana mpaka leo mkimbiaji wa pili hupewa medali ya fedha. Katika pwani yetu ya karne ya 19 fedha ilikuwa fedha kweli. Wafanyabiashara wa Unguja walitumia riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha kutoka Austria iliyoandikwa mwaka 1780, mwaka ambao malkia huyo alifariki. Sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa miaka mingi baadaye, na mwaka ulioandikwa haukubadilishwa. Nane ya riale iliitwa thumni, neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane. Riale ilipotoweka, thumni ilibaki midomoni, na wazee wetu wakaita hivyo senti 50.

“Rupia” na “pesa” zilikuja na biashara ya Bara Hindi. Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Wajerumani walipoitwaa nchi hii hawakuyaacha majina hayo. Kampuni yao ya Afrika Mashariki ilianza kupiga rupia zake mwaka 1890, zikiwa na sura ya Kaisari Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake.

Mwaka 1904 Serikali ya Kijerumani ikabadili hesabu. Badala ya pesa 64, rupia ikagawanywa katika Heller 100. Heller ni jina la sarafu ndogo ya Kijerumani, na kwa ulimi wetu ikawa “hela”. Ndogo ilikuwa, lakini ilikuwa na nguvu. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba huko vijijini, na kadiri miaka ilivyokwenda watawala walitaka fedha taslimu, si nafaka. Ili kupata rupia 3 mtu alilazimika kuuza mazao, au kwenda kufanya kazi katika shamba la mzungu. Kwa hiyo neno hela halikuingia kwetu kwa njia ya duka peke yake. Liliingia pia kwa njia ya mtoza kodi.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia mwaka 1914. Manowari za Uingereza zikaziba pwani, na sarafu kutoka Ujerumani zikawa adimu. Wajerumani wakaanza kuchapa noti hapa hapa nchini. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, mji huo huo wa shangazi yangu, walipiga sarafu za dhahabu za rupia 15, zaidi kidogo ya 16,000, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja zilikuwa na picha ya tembo. Septemba 1916 Wabelgiji wakauteka mji. Wajerumani waliobaki vitani waliendelea, na mwaka 1917 walikuwa wakichapa noti porini kwa zana hafifu.

Sasa jiulize habari ya mtu wa Tabora aliyekuwa na akiba mwaka ule. Kama alikuwa na rupia ya fedha, hata Kaisari akishindwa, sonara angeweza kuiyeyusha na kutengeneza bangili. Kama alikuwa na noti, alikuwa na ahadi tu, na aliyetoa ahadi alikuwa anakimbia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya fedha ya madini na fedha ya karatasi. Noti ni neno la aliyeitoa, na hudumu kwa muda ambao neno hilo linadumu.

Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki mwaka 1919, na mwaka 1921 wakaleta shilingi yenye senti 100. Unguja iliendelea na rupia mpaka mwaka 1936. Baada ya uhuru kila nchi ikawa na benki kuu yake, na shilingi ya Tanzania ikatoka mwaka 1966. Baadaye sarafu yetu ya shilingi 5 ikaitwa “dala”, na wengi husimulia kwamba nauli hiyo ndiyo iliyoyapa mabasi yetu jina la daladala. Jina la pesa nalo likapanda simuni mwaka 2007, huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa Kenya.

Mnaona mambo yalivyo? Heller hainunui hata kiberiti, lakini kila siku tunasema “sina hela”. Jina la fedha lina maisha marefu kuliko fedha yenyewe. Ndiyo maana shangazi yangu hakushtuka aliposikia tangazo. Kwake hela ni hela, tangu kwa bibi yake.

Sikumlaumu. Nilimnunulia mabati machache kwa mshahara wangu, lakini hayafiki yale ambayo miaka yake ya asali ingenunua. Noti zake amezirudisha sandukuni.

Kwenu wasikilizaji nina ombi. Wakati mwingine mkisikia redioni tangazo la fedha lenye neno msilolielewa, msione haya kuuliza. Na mwenye mzee kijijini ampigie simu usiku ule ule, amwambie hivi, “Fungua sanduku, tuhesabu.” Nami nikiletewa tena karatasi yenye maneno “kuondolewa kwenye mzunguko”, nitayasoma kama yalivyoandikwa, halafu nitaongeza ya kwangu: hata zile zilizolala.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.